Trauti wa Julai

Julai 1994, nikiwa na miaka 19, jirani yetu wa Kibosho, juu ya mji wa Moshi, alikubali kunipeleka mtoni kuvua trauti. Sote tulimwita Babu. Utotoni aliwabebea vikapu walowezi wa Kizungu waliokuwa wakivua katika mito ya mlimani, na kwao ndiko alikojifunza kuvua kwa nzi wa bandia. Trauti mwenyewe naye ni mgeni: yule mwenye madoa na mstari wa waridi ubavuni asili yake ni magharibi ya Amerika Kaskazini, na aliletwa huku enzi za ukoloni kwa kuwa maji ya milima yetu yana ubaridi anaoutaka.

Usiku wa kuamkia safari Babu alitengeneza chambo mbele yangu. Alizungushia ndoano ndogo waya mwembamba wa shaba uliotoka kwenye redio mbovu, ili izame upesi, akaifunika kwa uzi wa kahawia wa kushonea, kisha akafunga shingoni unyoya mmoja wa jogoo, akiuzungusha mara tatu tu. Nilipomwomba aongeze manyoya ili samaki amwone vizuri nzi wetu, alicheka.

Tulifika mtoni saa moja asubuhi, chini ya mpaka wa hifadhi. (Mto wenyewe siutaji, wapo wanaovua kwa sumu.) Ukungu ulikuwa umeufunika mlima wote na vidole vyangu vilikufa ganzi. Nilivua saa tatu nzima bila kuguswa hata mara moja, nikahitimisha kwamba samaki wamezimika kwa baridi.

"Babu, kipupwe hiki kimewalaza," nilisema.

Hakunijibu. Alitoa mfukoni kipimajoto alichokitumia zamani kupimia maziwa, akakitumbukiza majini, akanionyesha: nyuzi 11.

"Baridi ni yako wewe, mjukuu wangu. Hii kwao ni neema."

Alikuwa na haki. Joto la mwili wa samaki hufuata la maji, na katika majira ya baridi ya Ulaya, mto ukishuka hadi nyuzi 3 au 4, trauti hula kidogo sana na hujibanza kwenye vina vilivyotulia ili asipoteze nguvu. Lakini kati ya nyuzi 10 na 16 yuko katika ubora wake, tena maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko ya vuguvugu. Kilichonikosesha samaki ni kwamba masika yalikuwa yamekwisha, tope limetulia, mto umepungua na kung'aa kama kioo, nami nilikuwa nimesimama wima ukingoni nikiwa na sweta jekundu.

Babu aligeuza jiwe moja la mtoni. Chini yake walining'inia mabuu waliojijengea vijumba vya chembe za changarawe, vidogo kama punje za mchele. Aliniambia kwamba samaki anakula hao, chini kabisa, na kwamba nilikuwa nikipitisha nzi wangu juu ya kichwa chake.

Tulingoja hadi karibu saa saba, jua lilipopenya ukungu na wadudu wachache wakaanza kuruka juu ya maji. Nilivua sweta, nikapiga magoti nyuma ya mgomba mwitu, nikatupa mshipi juu ya kina, nikauacha uteremke kwa mwendo uleule wa maji bila kuuvuta. Nilitazamia kishindo. Badala yake mshipi ulisita kidogo tu, kana kwamba ndoano imegusa jani, na kama Babu asingenipiga begani nisingeinua ufito.

Trauti huyo alikuwa na urefu wa sentimita 25 hivi. Tulipompasua, tumbo lilikuwa limejaa vile vijumba vya changarawe, na vilikwaruza kisu.

Nyumbani Bibi alikataa katakata samaki yule asiingie katika sufuria yake, akisema hapiki nyoka wa maji. Basi tulimchoma nyuma ya zizi, kwa chumvi tupu, na Babu akanipa upande wenye mstari.