Siku Moja na Lenzi ya Milimita 18 hadi 200

Mwaka 2012 nilikuwa na kamera ya dijitali yenye kihisi kidogo, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, na lenzi mbili tu: ile ya milimita 18 hadi 55 niliyoinunua pamoja na kamera (milimita zikiwa chache lenzi huona kwa upana, zikiwa nyingi huvuta vya mbali), na nyingine ya milimita 50 isiyovuta, yenye upenyo mkubwa wa f/1.8; namba ya f ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi hupita. Mzee mmoja wa Magomeni, Dar es Salaam, aliyepiga picha za harusi tangu enzi za filamu, alikuwa akiuza lenzi yake ya milimita 18 hadi 200 kwa shilingi laki nne na nusu. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba fedha hizo ndizo akiba yangu yote. Hakunibembeleza.

"Chukua, mwanangu, ushinde nayo kesho," alisema. "Usiende kupiga picha za ukuta ili kuipima. Piga vile unavyovipiga kila siku."

Alfajiri nikawa Soko la Samaki la Feri, mahali ninapopapenda na ambapo mwanga wake umenishinda mara nyingi. Jua lilikuwa halijachomoza, nguru wamekwisha kupangwa mezani, dalali anataja bei na mikono ya wachuuzi inapanda na kushuka. Katika milimita 18 lenzi ilifunguka hadi f/3.5 na picha zikapatikana. Lakini kila nilipovuta ili nipate uso wa dalali peke yake, upenyo ulijibana hadi f/5.6, na kasi ya shata, lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga, ikaanguka hadi 1/30 ya sekunde ingawa ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, nilikwisha kuipandisha hadi 1600. Kizuia mtikisiko kilifanya kazi yake vizuri, kwani meza, mizani na nguzo za soko zilitoka zimekolea, ila mikono ya watu ikawa ukungu mtupu. Kifaa kile hutuliza mkono wa mpiga picha. Anayepigwa picha hakimfikii. Nikafunga lenzi ya milimita 50, ambayo kwa f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 ya ule wa f/5.6, na mikono ile ile ikasimama. Niliumia moyoni, maana nilikwisha kuipenda lenzi ya mzee kabla ya kuipima.

Kulipopambazuka nilisogea kivukoni. Pantoni lilikuwa linaingia kutoka Kigamboni, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtu hutengeneza lenzi ya namna hii. Katika milimita 18 niliuchukua umati wote uliokuwa ukishuka, baiskeli, mikokoteni na magari nyuma yao. Kisha, bila kuinua mguu, nikavuta hadi milimita 200, ambazo kwa kihisi kidogo kama changu huona kama milimita 300 za kamera ya filamu, nikampata mama mmoja wa sitaha ya juu akimfunga mwanawe vizuri mgongoni kwa kanga. Alipomaliza fundo alishuka, akapotea katika watu. Kwa lenzi zangu mbili nisingemfikia kabisa, na hata kama ningekuwa na ya tatu ndani ya mkoba, ningelazimika kuifungua kamera penye upepo wa chumvi na vumbi, jambo ambalo lilikwisha kunitia madoa kwenye kihisi mara mbili mwaka ule.

Njiani nilisimama mbele ya Kanisa la Azania Front. Katika milimita 18 ukingo wa paa ulivimba kama tumbo, na nilipopita milimita 35 ukabonyea upande wa pili. Kosa hilo kompyuta hulinyoosha, kwa hiyo sikulihesabu sana. Lililonikera zaidi ni kwamba kila nilipotembea kamera ikiwa inaning'inia begani, shingo ya lenzi iliteleza yenyewe hadi mwisho.

Jioni nilizikuza picha kwenye kompyuta. Zile za milimita 200 zilizopigwa kwa f/5.6 zilikuwa na ukungu kidogo pembeni, za f/8 zikawa bora kiasi. Hata hivyo mimi huwa nasafisha picha za kutazamwa mkononi, si za kuchunguzwa nukta kwa nukta. Nikasafisha moja ya f/5.6 na moja ya f/8 kwa inchi 8 kwa 12, nikaziweka kitandani, na kwa urefu wa mkono sikuweza kuzitofautisha.

Kesho yake nilimpelekea mzee fedha zake. Nilimwambia kwamba lenzi ya milimita 50 itabaki mfukoni kwa ajili ya alfajiri ya Feri, na hii haitatoka kwenye kamera kukiwa na jua. Aliitazama kwa muda mrefu picha ya mama wa kwenye pantoni, asiseme kitu. Nilipomtajia ile shingo inayoteleza, aliingia ndani, akatoka na kipande cha tyubu ya baiskeli alichokikata kama pete, akakivalisha kwenye lenzi kwa vidole viwili, kisha akaielekeza chini na kuitikisa. Haikushuka.