Kwa nini diski za mgongo huchakaa

Kwa wasukumaji wa chukudu, baiskeli za mbao za kubebea mizigo, hapa Goma, lawama zote huangukia magunia ya makaa. Ni nusu ya ukweli. Diski, yaani mto laini kati ya pingili mbili za uti wa mgongo, kwa mtu mzima karibu haina mishipa ya damu. Sukari na oksijeni hupenya polepole kupitia bamba jembamba la gegedu linalopakana na pingili. Bamba likikakamaa, seli za ndani hukosa chakula, protini zinazoshika maji hupungua, kiini cha diski hukauka, kimo chake hushuka, na pete ya nje huanza kupasuka, hasa chini kabisa ya kiuno. Urithi una nguvu kuliko mzigo. Sigara nayo huchangia (wengi hawapendi kulisikia hilo). Ukibeba, kunja magoti, gunia likae karibu na tumbo, usijipinde. Ganzi sehemu za siri au mkojo kuziba: hospitali siku hiyohiyo.