Maziwa peke yake hayakutosha, mambo ya Jamaica haya

Kuna utafiti mmoja wa Jamaica nikianza kuuongelea kazini watu wananikimbia, basi leo nautua hapa. Ni wa Chuo Kikuu cha West Indies pale Kingston, kiongozi wake Profesa Sally Grantham-McGregor, ulianza 1986. Walichukua watoto 129 kwenye mitaa ya maskini, wote wana udumavu (yaani wafupi kuliko umri wao kwa lishe duni), miezi 9 mpaka 24, wakawagawa makundi manne. Wa kwanza wanapewa maziwa ya unga kilo moja kila wiki, wa pili hawapewi maziwa ila kila wiki anakuja mhudumu wa afya nyumbani anakaa kama lisaa hivi wanacheza, wa tatu wanapata vyote viwili, wa nne wanafuatiliwa tu hali zao. Miaka miwili, wakafunga.

Sasa hao wahudumu ndo walionivutia mimi. Hawakuwa walimu wala watu wa digrii, ni wanawake wa kawaida wa kada ya chini kabisa ya afya, wakaongezewa mafunzo kidogo, na midoli yenyewe ni ya kutengeneza kwa chupa za plastiki, maboksi na vitambaa, anamwachia mama wiki nzima halafu akija tena anabadilisha. Na kazi yake kubwa haikuwa hata kucheza na mtoto, ni kumfanya mama ndo acheze nae, amwongeleshe wakati anamwogesha, amtajie vitu vya humo ndani, akipatia amsifie. Vitu ambavyo bibi zetu walifanya bila mtaalamu, ila bibi alikuwa anakaa na mtoto kutwa na leo bibi yuko kijijini mama yuko gengeni mtoto yuko na dada wa kazi wa miaka 15.

Miaka miwili ilipoisha maziwa yalisaidia na michezo ilisaidia, waliopata vyote wakawa mbele zaidi. Lakini wale watafiti ving'ang'anizi bwana, wakaendelea kuwafuatilia mpaka wakawa watu wazima, walipofika miaka 22 wakawapata 105. Waliopata ile michezo walikuwa wanaingiza kipato asilimia 25 zaidi ya wenzao wasioipata, yaani kwenye hela walishawafikia watoto wa jirani ambao hawakuwa na udumavu tangu mwanzo! Kwenye kipato matokeo ya maziwa hayakuonekana tena. Hayo yalitoka 2014 kwenye jarida la Science, na mmoja wa walioandika ni James Heckman mwenye Nobeli ya uchumi.

Najua kuna atakayesema watoto 129 ni wachache, na ni kweli ni wachache, na tafadhali mtu asitoke hapa akaacha kumpa mtoto maziwa. Ila ukweli ni kwamba tumezoea kudhani umaskini wa mtoto unaanza darasa la kwanza, tunapigania madawati na vyumba vya madarasa, wakati mtoto mwingine anafika pale pengo limeshakuwa kubwa tangu ana miezi 18.

Na sisi tuna sababu ya kusikiliza. Takwimu za 2022 Tanzania watoto wa chini ya miaka mitano wenye udumavu ni asilimia 30, Iringa ni kama 57, Njombe na Rukwa nusu ya watoto. Iringa jamani! Mahindi yapo, viazi vipo, maharage yapo. Mama yuko shamba toka alfajiri, mtoto anashindia uji mweupe na anaongea na nani? Wenye uwezo wao wanamlipia daycare yenye midoli na mwalimu wa kumwimbia.

Programu ya taifa ya malezi na makuzi ilizinduliwa Desemba 2021, hiyo PJT-MMMAM (jina refu kuliko mtoto mwenyewe), na ndani yake uchangamshi wa awali (ndo huko kucheza na kuongea na mtoto mdogo) wameuweka, hapo sina ugomvi. Wasiwasi wangu ni kwa WAJA, yaani wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Huyu dada tunataka aulize chanjo, aulize chandarua, uzazi wa mpango, sasa na michezo, nyumba kwa nyumba. Wale wa Jamaica walikuwa waajiriwa wenye mshahara na nyumba zao chache za kurudi kila wiki, sio kujitolea mpaka mradi uishe. Maboksi na chupa mbona yamejaa mtaani, bajeti iangalie posho ya huyu dada na idadi ya nyumba anazopewa.