Moncontour Mbili za Bwana Mkono wa Chuma

Ufaransa ina miji miwili iitwayo Moncontour. Mmoja uko Poitou, na huko ndiko François de La Noue, jemadari wa Kiprotestanti aliyeitwa Mkono wa Chuma, alikotekwa tarehe 3 Oktoba 1569. Mwingine uko Bretagne, na huko ndiko alikokata roho Agosti 1591. Mimi nilitaka huo wa pili. Nilimwandikia wakala wa safari jina la mji na jina la jimbo, nikalipa nauli na chumba nikiwa bado kwa dada yangu Nantes. Tiketi zilipokuja zilikuwa za Saumur na Thouars, njia ya kwenda Poitou! Nikapiga simu. Nikajibiwa kwamba chumba kimeshalipiwa, pesa hairudi, na Moncontour ni Moncontour. Yuro 75 kwa usiku mmoja. Mwalimu wa Bukavu, kwetu Kongo, akisikia hesabu hiyo anakaa chini kwanza.

Niliamua kwenda hivyo hivyo. Thouars nilifika Jumapili, basi hakuna, na teksi ikanila yuro 60 bila dereva kupunguza hata senti.

Nieleze kwa nini nahangaika na mtu huyu. Ninafundisha historia sekondari, na sura ya vita vya dini vya Ufaransa huwa naifundisha polepole kuliko zote. Kuanzia 1562 hadi 1598 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana vita vinane. Kila vita vilikuwa na mapatano yake: Amboise 1563, Longjumeau 1568, Saint-Germain 1570, Boulogne 1573, na mengine baada ya hapo, hadi amri ya Nantes ya 1598, iliyowapa Waprotestanti haki zao. Nikiyaandika ubaoni, wanafunzi wangu hawahitaji maelezo. Wamekua wakisikia Lusaka 1999 na Sun City 2002, mapatano ya vita vya kwetu Kongo, yakitajwa mezani nyumbani. Ndani ya vurugu hiyo La Noue, bwana mdogo wa Kibretoni aliyezaliwa 1531 na kuingia Uprotestanti akiwa mtu mzima, alipigana karibu miaka thelathini, na hata maadui zake walimwamini akitoa neno lake. Nilitaka kusimama mahali alipofia.

Moncontour ya Poitou ni kijiji chenye mnara mzee wa mawe juu ya kilima na mto mdogo chini yake. Uwanja wa vita ni mashamba. Hapo Amiri Coligny aliongoza Waprotestanti dhidi ya jeshi la Duke wa Anjou, mdogo wake mfalme, kijana aliyekuwa ndio kwanza ametimiza miaka 18. Coligny alipigwa risasi ya uso. Askari wa kukodiwa wa Kijerumani waliokuwa upande wake wakaachwa peke yao, na Waswisi wa mfalme, mahasimu wao wa siku nyingi, wakawachinja kwa maelfu. La Noue akatekwa kwa mara ya pili mwaka huo, maana Machi alikuwa ameshatekwa Jarnac.

Nilitembea pale mchana kutwa nikiwaza jambo aliloliandika yeye mwenyewe. Juni 1562, vita vikiwa vichanga, malkia mama Catherine de Médicis alikutana na mkuu wa Waprotestanti, Condé, karibu na Toury. Wapanda farasi wa pande zote mbili waliamriwa wakae mbali wasije wakachokozana. Baada ya muda wakaomba ruhusa kusalimiana, kwa kuwa kila mmoja alimwona ng'ambo ndugu au rafiki. Wakakumbatiana, wengine wakalia. La Noue alikuwapo. Miezi michache baadaye, kwenye vita vya Dreux, watu hao hao waliuana.

Mwenye nyumba niliyolala, mama wa miaka sabini na kitu, aliniuliza wakati wa chakula nimekuja kutafuta nini. Nilipomtaja La Noue akaweka kijiko chini. Kumbe kwao ni upande wa Melle, kusini zaidi, na ukoo wake ni Waprotestanti tangu enzi hizo. Akasema kesho atanipeleka Niort kwa gari lake nikichangia mafuta, ila tutapita kwao.

Ndivyo tulivyofanya. Katikati ya shamba la ngano aliegesha gari kando ya miberoshi minne. Chini yake palikuwa na makaburi, mengine yana mawe yenye majina, mengine ni vilima tu vilivyoota majani. Mwaka 1685 mfalme Louis XIV alipoifuta amri ya Nantes, Waprotestanti walikosa mahali pa kuzikia, kwa kuwa makaburi yalikuwa ya Wakatoliki. Wakazika wafu wao kwenye ardhi yao, usiku, bila mchungaji. Haki ziliporudi, familia nyingi za huko hazikuacha desturi hiyo. Mama yule amezika wazazi wake pale, na nafasi yake ameshaichagua.

Nikamwambia kwetu nasi tunazika shambani. Bibi yangu amelala nyuma ya migomba, na hakuna anayeogopa kupita. Hapo tuliongea kama watu wa boma moja. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka jibu: kwenu vita vimeisha? Nikamhesabia: 1996 nilikuwa mtoto, tukakimbia na sufuria na godoro. 1998 vikaja vingine. 2004 mji ukatekwa tena. Februari 2025 waasi wa M23 wakaingia Bukavu, na shule yangu ikafungwa. Akakaa juu ya jiwe la baba yake, akasema wao ilichukua zaidi ya miaka mia mbili. Sikupenda kulisikia jibu hilo, lakini nilimshukuru kwa kutonidanganya. Mafuta alikataa nilipe.

La Rochelle nilikaa kidogo, na kila kitu ni ghali, hata maji. Ni bandari nzuri yenye minara yake miwili mlangoni. Mwaka 1570 mkono wa kushoto wa La Noue ulivunjwa na risasi Fontenay, akaletwa humu ukakatwa. Jeanne d'Albret, malkia wa Navarre, ndiye aliyemshikilia ule mkono wakati wa kukatwa. Fundi wa mji akamtengenezea wa chuma wenye kulabu ya kushikia hatamu, na jina Mkono wa Chuma likatoka hapo.

Miaka miwili baadaye, damu ya Waprotestanti waliouawa Paris sikukuu ya Mtakatifu Bartholomayo haijakauka, mfalme Charles IX akamtuma kuushawishi mji huu usalimu amri. Alikubali kwa sharti kwamba asitumiwe kuwahadaa. Wajumbe wa mji, inasimuliwa, walimwambia wamekuja kuonana na La Noue waliyemjua, na huyu wanayemwona anafanana naye tu. Kisha wakamwomba awe jemadari wao. Akakubali, na mfalme akijua. Alilinda kuta mchana na kuhimiza amani jioni, hadi mchungaji mmoja akamzaba kofi. Wenzake walitaka kulipiza, akawazuia. Machi 1573, alipoona wamekataa mapatano kabisa, akatoka mjini.

Bretagne nilifika baadaye, kwa pesa ya dada. Treni hadi Lamballe, kisha teksi tena. Moncontour hii ni ya mawe ya matale, imezungushiwa ukuta juu ya kilima. Alijeruhiwa kichwani wakati wa kuzingirwa Lamballe, akimpigania mfalme Henri IV, akaletwa hapa akafa. Nilitembea juu ya kuta zake jioni nzima.

Dada yangu hakubaliani nami. Anasema mtu anayetumwa na mfalme kisha akaongoza wanaompinga mfalme ni msaliti, na tumewaona wengi wakibadili sare Kivu. Namjibu kwamba wa kwetu huhama gizani. Huyu alitangaza sharti lake kwa mfalme kabla ya kwenda, na alipotoka alitoka mchana. Wahispania walimfunga Limbourg miaka mitano, 1580 hadi 1585, kwa sababu walimhofu akiwa huru, na humo aliandika kitabu kinachowasihi Wafaransa waache kuuana. Kilichapishwa Basel mwaka 1587. Dada amekiomba. Anasema akimaliza kukisoma ndipo tutaendelea kubishana.