Mwandiko wa Kuku

Ilikuwa Muheza, msimu wa machungwa. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili alianguka mtini akavunjika mkono wa kulia. Alirudi darasani amefungwa hogo, na insha ya Kiswahili bado nilikuwa namdai. Nikamwambia amsimulie mwenzake, amwandikie.

Jioni nilikaa barazani na rundo la madaftari, chai ya mchaichai pembeni. Insha yake ilikuwa ya bibi anayejua saa kwa kuangalia kivuli cha mnazi. Herufi zote zimelala upande mmoja, kila aya imeanzia mahali pake. Nikasoma huku natabasamu, nikaweka 16 kati ya 20. Kijana huyo, tangu kidato cha kwanza, kwangu hajawahi kuvuka 10.

Nikafurahi: hatimaye ameiva! Kisha nikafunua nyuma, kwenye insha ya mwezi uliopita aliyoiandika mwenyewe. Ule sasa ulikuwa mwandiko wa kuku aliyepekua jalala. M na n huzitofautishi, mistari inapanda mlima. Chini yake nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu: "Mawazo hayana mpangilio." Alama 8.

Nikaisoma upya, safari hii kwa sauti, polepole, kama ninayemsomea mtu. Mawazo yalikuwa yamepangika. Hata yule bibi alikuwemo, anamkanda mjukuu mguu kwa maji ya chumvi na kumtania asilie. Sikumwona.

Kilichoniuma ni kwamba jambo lenyewe nilikuwa nalijua. Chuoni tulimsoma mwanasaikolojia Edward Thorndike, ambaye mwaka 1920 alieleza jinsi maofisa wa jeshi la Marekani walivyowapima askari wao: aliyeonekana ana umbo zuri alielekea kupata alama nzuri hadi za akili na uongozi. Swali lake lilitoka kwenye mtihani, nikalijibu vizuri sana. Mwandiko wangu, nakumbuka, mhadhiri aliusifu. Mtihani wa taifa nao unaficha jina kwa namba, lakini mwandiko utaufichia wapi?

Siku ya kurudisha madaftari nilimwita pembeni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ile ya 8 nimeisahihisha upya."

Akaitazama ile 14, akanitazama na mimi.

"Na zile za mwaka jana, mwalimu?"

Nikamwambia aniletee. Kumbe daftari la mwaka jana mama yake alishalimaliza, kafungia karanga.