Daftari langu la Ngong

Nimerudi sasa hivi kutoka uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, hapa Nairobi, na daftari limejaa. Msimu mzima nimeandika kila mbio: joki (mpanda farasi) nani, mkufunzi wa farasi nani, farasi kamaliza wa ngapi, odi (dau linazidishwa mara ngapi ukishinda) ilikuwa ngapi.

Mwanzoni nilimbetia tu joki anayeshinda sana. Pesa ikawa inaisha huku ninayemshangilia anashinda! Iliniuma. Nikakaa chini nikapiga hesabu: joki akishinda mara 1 katika kila mbio 4, nami naweka shilingi 100 kila mara kwa odi ya 3, nimetoa 400 na kurudishiwa 300. Kila mtu anamjua na kumbetia, kwa hiyo odi yake imeshashuka kabla sijafika dirisha la kubeti.

Sasa nawaangalia joki na mkufunzi kwa pamoja. Mkufunzi akileta farasi watatu kwenye mbio moja, joki wake wa kila siku amempandisha yupi? Hapo napata habari zaidi kuliko kwenye asilimia yoyote.

Ila namba chache zinadanganya, jamani. Aliyepanda mara 5 akashinda 2 ana asilimia 40, lakini mara 5 ni nini? Nasubiri afikishe angalau 50.

Leo mbio mbili sikubeti kabisa. Nilisimama kwenye uzio nikawatazama farasi wakizungushwa kabla ya kupandwa, nikaandika yupi ametulia na yupi tayari anatoka jasho.