Nilipoiambia simu niko Kasese

Jana umeme ulikatika kama saa mbili usiku na kwa mara ya kwanza sikulalamika, nilichukua mkeka nikatoka uani na mtoto wa dada yangu, mji wetu wa Kasese, huku magharibi mwa Uganda, wote giza totoro, nyota zimejaa mpaka unahisi zitamwagika. Upande wa kusini Salibu, ule msalaba wa nyota nne, umeinama juu ya paa la jirani. Ukigeuza shingo kaskazini, Dubu Mkubwa, kundi jingine la nyota, yuko pale kama sufuria iliyopinduliwa. Vyote viwili kwa pamoja! Mtu wa London hiyo Salibu hataiona kwao hata akeshe mwaka mzima, sisi tunaipata bure tukiwa tumelala chali.

Naandika hii kwa sababu kila nikiweka picha ya mwezi kwenye status ya WhatsApp watu wananiuliza unajuaje hayo yote, ulisomea wapi. Sikusomea popote. Nina kaduka ka simu, nauza eya taimu na kutuma pesa, na mchana kuna saa unakaa tu unahesabu boda zinazopita. Yote nimeyatoa kwenye neti na mengi ni ya bure, kinachokula pesa ni data tu, na data yetu tangu Julai 2021 ina kodi ya asilimia 12 ndani yake, kwa hiyo mimi video za anga naangalia kwa nadra sana, napenda saiti nyepesi.

Ila nianze na aibu yangu. Miaka kadhaa nyuma niliweka programu fulani ya nyota kwenye simu, sikugusa setingi hata moja, kumbe lokesheni ilikuwa mji mmoja wa Ulaya. Nikakusanya watoto wa mtaa, nikawaonyesha nyota moja kaskazini, juu juu hivi, nikawaambia kwa sauti ya mwalimu mkuu kwamba hii ndiyo nyota ya kaskazini, haitembei, mabaharia wanaifuata. Babu alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Babu yangu alikuwa mchimbaji Kilembe enzi zile shaba inatoka, zamu za usiku, na Kiswahili chake ni kile cha mgodini, hakikuremba. Akasema, "Wee mjukuu, mimi nimetembea usiku hapa miaka na miaka, nyota isiyotembea sijaiona."

Nikamjibu, "Lakini Babu, simu ndiyo imesema."

Alicheka mpaka akakohoa. Baada ya saa mbili nikachungulia tena, ile nyota yangu isiyotembea ilikuwa imeshafika karibu na mlima, inaenda kulala kama wenzake. Watoto walikumbuka hilo jambo kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Babu alikuwa sahihi na sababu yake ni nyepesi. Nyota ya kaskazini inasimama juu ya upeo wa macho kwa nyuzi zilezile za latitudo yako, yaani umbali wako kutoka ikweta. London ni nyuzi 51 na kitu, kwa hiyo wao wanaiona juu kabisa. Kasese hatufiki hata nyuzi moja, ikweta yenyewe unaivuka hapo tu ukielekea Mbarara, kwa hiyo nyota hiyo iko chini kabisa kwenye mstari wa ardhi, nyuma ya vilima na vumbi. Huku kwetu karibu kila nyota inachomoza na kuzama, na zinapanda wima kama lifti. Ndiyo maana pia hilali yetu mara nyingi inalala kama mtumbwi, wakati kwenye michoro ya vitabu imesimama kama pembe.

Basi tangu siku hiyo kitu cha kwanza nafanya kwenye saiti yoyote ni kuiambia niko wapi. Hivi sasa natumia Stellarium. Ukiwa na kompyuta unaidaunlodi bure, na ikishaingia inaonyesha anga bila kula data, ukiwa na simu tu unaweza kufungua ile ya kwenye browza. Andika 0.18 kaskazini na 30.08 mashariki (hiyo ni ya Kasese, wewe weka ya kwako) halafu utaona anga linajipanga upya lote, na ule mkanda wa nyota tatu wa kundinyota la Jabari (Orion), ambao Ulaya wanauona kwa pembeni kusini, hapa unapita juu ya utosi wako kabisa. Aisee siku ya kwanza nililinganisha skrini na mbingu nikahisi kama mtu amenichorea ramani ya kijiji chetu.

Shida ya pili ni saa. Saiti nyingi za anga zinaandika saa za UTC, ile saa ya pamoja ya dunia nzima, na mimi nimekosa vitu vingi kwa sababu hiyo, nilishawahi kutoka nje na jaketi, nikaona hakuna kitu nikarudi ndani, kumbe kitu kinapita saa tatu nzima baadaye. Uganda tunaongeza saa tatu kwenye UTC, halafu kichwani lazima ugeuze tena iwe saa ya Kiswahili, unachanganyikiwa. Mpaka siku moja nikiwa dukani nikagundua njia ya mkato: kwa kuwa tunaongeza 3 kisha tunatoa 6, ni sawa na kutoa 3 tu. UTC ikisema 17:30, yaani 5:30 jioni kwa saa ya Kiingereza, chukua hiyo 5:30 toa tatu, saa mbili na nusu usiku. Kwisha. Nimeiandika kwa marka ukutani karibu na bei za chaja.

Hiyo hesabu ndiyo ilinipa kupatwa kwa mwezi kwa tarehe 7 Septemba 2025. Saiti ya timeanddate ilikuwa imeandika kila hatua, mwezi wote kuingia kivulini 17:30 na kuanza kutoka 18:52, yaani saa mbili na nusu mpaka saa tatu na dakika 52. Ilikuwa Jumapili. Tatizo likawa mawingu, si unajua Rwenzori, huo mlima unapika mawingu yake wenyewe na utabiri wa kawaida wa "mawingu kiasi" haukusaidii kitu. Hapo nafungua Windy, saiti ya hali ya hewa, siangalii utabiri, naangalia picha ya setilaiti yenyewe, unaona wingu limefika wapi na linaelekea wapi. Niliona kuna pengo linakuja. Wenzangu wakaingia ndani kula, mimi nikabaki na rolex yangu (chapati ya mayai, si saa) mkononi, na kama saa tatu kasorobo pengo likafika kweli, mwezi mwekundu kama kaa la moto. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Mama mmoja akauliza, "Nyabo, kuna mwizi?"

Kwa kituo cha anga cha kimataifa nenda Heavens-Above, weka lokesheni, inakupa jedwali la lini kinapita, kinaanzia upande gani na kinang'aa kiasi gani. Kinazunguka dunia kwa dakika kama 90, urefu wa kilomita kama 400, lakini tunakiona tu muda mfupi baada ya magharibi au kabla ya mapambazuko, kwa sababu lazima sisi tuwe gizani na chenyewe bado kinapigwa na jua. Mteja mmoja wa Mpondwe nilimwonyesha akauliza kama hiyo ndiyo ile setilaiti ya Uganda. Hapana mama. Ile yetu, PearlAfricaSat-1, ilirushwa tarehe 7 Novemba 2022 na ikaachiwa kutoka kituo hichohicho Desemba, lakini ilikuwa kasanduku ka sentimita kama 10 kila upande, jicho haliwezi kuipata. Alivunjika moyo kidogo, na mimi pia nikisema ukweli.

Ya asubuhi ni APOD, ile picha ya anga ya kila siku ya NASA, ipo tangu Juni 1995 na sura yake ni kama haijabadilika, picha moja na maelezo mafupi ya mwanasayansi. Inafunguka hata neti ikiwa ya kusuasua. Kiingereza chake saa zingine ni kigumu. Nikikwama naenda Wikipedia ya Kiswahili, na hapo nilishangaa jamani, kuna makala za makundinyota na nyota moja moja kwa majina ambayo sikujua tunayo, Suheli, Shira, Ibuti la Jauza. Makala zingine ni sentensi tatu tu, sawa, lakini majina peke yake yananitosha kukaa nayo siku nzima. Na dukani kukiwa kimya naingia Zooniverse, unaonyeshwa picha na unajibu maswali ya watafiti. Mradi wao wa Galaxy Zoo ulianza 2007, na mwaka huohuo mwalimu wa shule wa Uholanzi akaona doa la ajabu ambalo wataalamu walikuwa hawajaligundua, likaitwa kwa jina lake. Mimi bado sijaona doa.

Nirudi kwa Babu. Wiki iliyopita nilimwambia hii programu inaweza kurudi nyuma, nichagulie siku yoyote. Akafikiri, akasema Agosti, sabini na moja, alfajiri, tunatoka zamu. Kabla sijabonyeza akanyoosha mkono juu, upande wa kaskazini mashariki, akasema hapo ndipo Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizosongamana, kilikuwa, tukikiona tunajua tumebakiza kutembea tu mpaka nyumbani. Nikaandika Kilembe, Agosti 1971, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Skrini ikatulia. Kilimia kikawa pale pale, juu, kaskazini mashariki, kama mkono wake ulivyoonyesha.

Babu akaangalia muda mrefu. Halafu akasema simu imejitahidi, ila haijaweka ukungu wa bondeni.

Agosti si mbali. Nimeshamwahidi nitamwamsha saa kumi na moja, na yeye ameshaniambia nimtafutie lile koti lake la zamani, na nisilete watoto.